Nimchomeshe binti yangu sindano ya uzazi nimwambie ni ya malaria?

Dada mshauri, shikamoo kama umenizidi, na kama mimi ndo nimekuzidi basi pokea salamu zangu tu. Jina langu naomba usiliweke maana mtaani kwetu wanakusoma.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, nina genge la mbogamboga na viungo. Mume wangu ni dereva wa malori, anavuka Tunduma mpaka Kongo huko, mwezi unaweza kuisha hajarudi. Ni mwanaume mzuri sina la kumsema, ila hayupo. Mtoto wa kwanza kaolewa Morogoro, wa mwisho yupo bweni. Wa katikati ndo ninaekuandikia habari zake, nitamwita Zawadi, sio jina lake. Ana miaka 22.

Zawadi alizaliwa mzima. Alipokuwa na mwaka na nusu akapata malaria kali ikapanda kichwani, degedege, na wakati huo tulikuwa kijijini ukweni, wazee wakasema mtoto wa degedege hachomwi sindano atakufa, wakamfukiza na madawa yao, mpaka tunafika hospitali ni siku ya tatu. Alipona ila hakurudi yule wa kwanza. Kuongea alichelewa, kifafa kikabaki, mpaka leo anakunywa dawa. Hospitali waliandika mtindio wa ubongo.

Alisoma kitengo maalum kwenye shule ya msingi na alipenda shule yule mtoto jamani, alikuwa anaamka kabla yangu. Alijifunza kuandika jina lake, kufua, kusonga ugali, kufuma vitambaa. Alipofika 17 nikaitwa shuleni nikaambiwa mama huyu sasa ni mkubwa, kuna wadogo wanasubiri nafasi. Nikauliza aende wapi, mwalimu akaangalia chini. Tangu hapo yupo nyumbani. Ukiniuliza mimi tatizo lilianzia hapo, mtu mzima na nguvu zake anakaa anaangalia ukuta.

Basi nikaanza kwenda nae gengeni. Na alikuwa anauza dada! Hela anasoma kwa rangi, buku anaijua, msimbazi anaujua, chenji zikiwa nyingi ndo anachanganyikiwa ananiita. Mteja mmoja alimpa buku akamwambia hiyo ni elfu mbili, akamrudishia huku anacheka, "hii ya bluu wewe". Ila watu wana mambo, wanakuja yeye amesimama pale wananiuliza mimi "huyu anaendeleaje", kama vile hasikii.

Mwezi wa tatu nikaanza kumuona kijana mmoja wa bodaboda kijiwe cha hapo karibu anamnunulia soda, askrimu, wanacheka. Siku moja nimeenda kuchota maji kurudi hayupo. Nilizunguka mtaa mzima nimechanganyikiwa. Baada ya kama masaa mawili huyo anashushwa na pikipiki, anacheka, anasema mchumba wangu kanipeleka kuona pantoni. Nilimuuliza kakufanya nini, anajibu soda. Nikarudia, soda. Nikampeleka zahanati, mimba hamna, ngoma hamna, nesi akasema mama zaidi ya hapo hatuwezi kujua. Kijana anaapa hajamgusa.

Tangu siku hiyo nikitoka alfajiri saa kumi kwenda soko la Stereo kuchukua mzigo namfungia kwa kufuli mpaka nirudi saa mbili, halafu namuacha tena humo ndani nikiwa gengeni, namrudia mchana kumpa chakula. Mwanzoni alikuwa anagonga mlango anaita. Siku hizi haiti, amelala tu. Jirani ameniambia mama siku moto ukitokea utasemaje, usingizi ukanipotea kabisa.

Ushauri ninao mpaka unamwagika. Rafiki yangu wa kanisani ni nesi, anasema mchome sindano ya miezi mitatu, mwambie ni ya malaria, hatajua, halafu mfungulie mlango. Wifi yangu anasema miezi mitatu ya nini, afungwe kizazi moja kwa moja, yule anataka mtoto wa kazi gani. Mume wangu kwenye simu anasema sindano ni kumpa ruhusa ya kutembea, mfungie hivyohivyo mpaka nirudi. Mzee wa kanisa anasema tuombe. Presha yangu imepanda, nimechoka. Nimchome? Nimfungulie? Na nikifa mimi huyu mtoto nani atamtunza?

Mama Zawadi, Mbagala

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, na kama hesabu zangu mbaya basi shikamoo mama Zawadi na pole sana kwa presha, tafadhali hiyo nayo ukaipime usiseme utaenda kesho.

Ngoja nikueleze nilivyokuelewa, nikikosea unisahihishe. Una binti mtu mzima, shule ilipomaliza nae hakuna aliempokea, mtaa unamuona mtoto wakati mwili wake ni wa mwanamke wa miaka 22. Unaogopa mimba, unaogopa wanaume, sasa umeanza kuogopa moto, na nadhani hata kile kimya chake unakiogopa ndio maana umekiandika. Na kila aliekuja kwako kaja na kitu cha kumfanyia Zawadi, huyu sindano, huyu kisu, huyu kufuli, huyu maombi. Wote wanakupenda sina ubishi. Ila barua nzima nimetafuta mahali ambapo mtu alikaa na Zawadi akamuuliza mwenyewe, nikapata lile swali moja la siku ile, na lile mama uliuliza huku unatetemeka, na mtu ambae maneno yanamjia polepole akiona mama yake anatetemeka atajibu soda hata mara kumi.

Tuanze na sindano maana ndo umeiuliza. Inazuia mimba, basi. Haizuii ngoma, haizuii kaswende, na haimzuii mwanaume mwenye nia mbaya kusogea. Na hapa kuna jambo rafiki yako nesi hakukwambia, labda hakulifikiria. Mabinti wengi kama Zawadi wakichezewa, kinachokuja kufichua ni tumbo. Hawana maneno ya kueleza, hakuna anaewauliza, mpaka tumbo litokee ndo watu wanashtuka. Ukimchoma kimyakimya halafu ukafungua mlango ukadhani umemaliza kazi, mtu anaweza kumuumiza mwaka mzima na wewe usione dalili yoyote. Na mtaani siri hazikai, likijulikana kwamba yule binti "anachomwa" kuna watu watalisikia hilo kama tangazo. Sisemi sindano ni mbaya, wanawake chungu nzima wanaitumia na kuna familia imewasaidia kweli. Nasema inajibu swali moja kati ya maswali yako matatu, na pengine sio lile kubwa.

Halafu lile la kumwambia ni ya malaria. Mama, sindano hii miezi ya mwanzo mara nyingi inavuruga damu, anaweza kutoka matone wiki nzima au hedhi ikakata kabisa. Sasa vaa viatu vyake, umechomwa sindano ya malaria halafu unatokwa damu siku kumi na hakuna anaekwambia kwa nini. Atamwambia nani, wewe uliemdanganya? Na kesho akija mwingine akamwambia "njoo nikupe dawa ya malaria"? Hilo la mwisho ndo linanitisha mimi.

Kuhusu dawa za kifafa, hili liulize kliniki kabla ya kitu chochote. Dawa za zamani ambazo wengi wanapewa, fenobabitoni, fenitoini, kabamazepini, zinaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi na hata kijiti cha mkononi, unakaa unajua umekingwa kumbe hujakingwa. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki hivyo, kitanzi cha shaba pia hakiathiriki. Ila sindano ikitumika miaka mingi inapunguza uimara wa mifupa, na dawa hizo za kifafa nazo zikitumika muda mrefu zinaweza kudhoofisha mifupa, sasa kwa mtu anaeanguka akishikwa kifafa hilo ni la kuongea na daktari vizuri, sio la kumalizana na mtu uani kwake.

Wifi yako nae. Najua anasema kwa uchungu lakini hapa naomba nikae kidogo. Kufunga kizazi hakurudi nyuma, na Zawadi ni mtu mzima, mkataba wa haki za watu wenye ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 unasema wazi kwamba uwezo wao wa kuzaa haunyang'anywi tofauti na watu wengine. Tena hili lilishajaribiwa huko Marekani mwaka 1927, mahakama yao ya juu kabisa iliruhusu binti mmoja anaitwa Carrie Buck afungwe kizazi kwa madai kwamba ana akili pungufu. Kumbe yule binti mimba aliipata kwa kubakwa na ndugu wa familia iliyokuwa inamlea, wakampeleka taasisi kuficha aibu yao, na baadae ilikuja kuonekana hata huo upungufu wenyewe hakuwa nao. Kwa jumla karne ile walifungwa watu zaidi ya elfu 60 nchini kwao. Mbakaji akarudi zake nyumbani, aliepasuliwa ni yeye. Nikisikia mtu anasema "anataka mtoto wa kazi gani" hiyo stori ndo inanijia.

Sasa kufuli. Sitakusema, najua saa kumi alfajiri Stereo haikusubiri na hakuna wa kumuachia. Ila tuliangalie linafanya nini. Moto umeambiwa tayari. Kuna kifafa pia, akianguka humo ndani karibu na jiko? Na kuna hili, kufuli lililoko nje ya mlango linamwambia kila apitae kwamba ndani kuna binti peke yake na mama yake harudi mpaka saa mbili. Watu wanaowaumiza mabinti kama hawa mara nyingi sio wageni, ni watu wa karibu wanaojua ratiba ya nyumba. Sasa linamkinga na nani? Na hiki kimya, hiki cha kulala tu, inaweza kuwa amekata tamaa, inaweza pia kuwa dawa zimemzidi maana baadhi zinalewesha, kwa vyovyote mtajie daktari kama ulivyonitajia mimi, neno kwa neno.

Umeandika kama Zawadi haelewi. Ila uliemuandika gengeni ni mtu anaejua buku sio elfu mbili hata mteja mzima akimwambia ni elfu mbili, akamrudishia akacheka, na chenji zikimzidi anajua kuita msaada. Yule mtu anaweza kujifunza kukataa. Swali ni kama kuna mtu alishawahi kumfundisha. Shuleni wamemfundisha kufuma, sijui kama kuna alieongea nae kuhusu mwili wake, wengi hawafanyi hivyo kwa sababu wanasema huyu ni mtoto, ataelewa nini, mnamuamsha. Hata sisi wamama tunaona haya. Matokeo yake anakuwa mkubwa hana jina la sehemu zake za siri, na asiekuwa na jina la kitu hawezi kusema kimeguswa. Mfundishe. Majina halisi, sio "hukooo". Sentensi fupi, picha zikipatikana, leo na kesho na wiki ijayo maneno yaleyale. Hapa hapaguswi na mtu. Kwenye kuoga na chooni ni wewe mwenyewe. Mtu akisema usimwambie mama, hilo ndo la kuja kumwambia mama mbio. Fanyeni mazoezi ya kupiga kelele, mcheke, wanawake wawili mnapiga kelele sebuleni majirani waulize kuna nini, ni sawa.

Na umwambie pia kinachopendeza. Hapa najua baba Zawadi hatafurahi. Binti wa miaka 22 alipakiwa pikipiki akapelekwa kuona pantoni akarudi anacheka, na kwa wadogo zangu hilo tungeliita kutoka na mtu. Inawezekana yule kijana ni fisi anapima upepo, soda leo kesho chumbani, na kumchukua bila kukuaga wewe lilikuwa kosa, hilo halina mjadala. Inawezekana vilevile ni kijana alieona binti mcheshi anakaa peke yake siku nzima na hakuna anaemsemesha isipokuwa kupitia kwako. Mimi siwezi kujua nikiwa huku, na wewe hujui bado. Siku mmetulia mnakatakata mchicha, muulize pantoni ilikuwaje, mlikaa wapi, kulikuwa na nani, halafu nyamaza umwachie muda mrefu kuliko ulivyozoea, asipojibu leo rudi kesho kwa njia nyingine. Baba yake akirudi kutoka safari anaweza kwenda kuongea na yule kijana kijiweni pale mchana kweupe, mbele ya wenzake, bila ngumi, ajue tu kwamba Zawadi ana watu na watu hao wanaangalia. Ila Zawadi ajue mnaenda. Akisikia pembeni kwamba mmemfukuza mchumba wake, mtapoteza hata hizo habari chache anazowaletea.

Ikitokea umejua ameguswa bila kutaka, au kwa namna ambayo hakuielewa, usimuogeshe na nguo usizifue, nenda hospitali siku hiyohiyo, dawa za kuzuia virusi zinatolewa ndani ya masaa 72. Ulizia kituo cha mkono kwa mkono, pale wanapohudumiwa waliofanyiwa ukatili, hospitali kubwa zinacho, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Sheria yetu ina kosa lake kabisa la mtu kumuingilia mwanamke mwenye ulemavu wa akili huku anajua hali yake, usikubali mtu akwambie "lakini alikubali mwenyewe" halafu mkayamalize kifamilia.

Mlango je? Ndo penye ugumu na sina jibu la kukupa. Ukimrudisha gengeni kuna macho yako na macho ya wauzaji wenzako, ila kuna dakika utaenda kuchota maji. Ukimuacha nyumbani bila kufuli pana hatari yake, ukimfungia pana hatari yake tumeshaiona. Ningeanza na zile saa za alfajiri, je kuna mama mmoja hapo uwani, sio lazima ndugu, anaeweza kulala na mlango wake wazi kuelekea kwenu na wewe ukamtoa kwa nyanya na vitunguu? Au kuna siku moja moja unaweza kuagiza mzigo badala ya kwenda? Mchana hata angekuwa gengeni nusu siku mwanzoni, na kazi yake inayojulikana, kupanga mafungu, kupokea noti, chenji ndogo. Na wakija wale wa "huyu anaendeleaje" we wajibu tu "muulize mwenyewe, huyo hapo". Mara mbili tatu watajifunza, mtaa unafundishika polepole.

Shule iliyomtoa na kuangalia chini, mwalimu yule wa kitengo naamini anakumbuka wenzake Zawadi. Mtafute, mwombe namba za wazazi wao. Wapo Mbagala hukohuko mama zao wamefunga milango kama wewe na kila mmoja anajua yuko peke yake. Wakipatikana hata wanne, watoto wanaweza kukaa kwa zamu, na mkiwa kikundi mnaweza kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuulizia ile mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ya mapato ya ndani ni fungu la watu wenye ulemavu, masharti yake mtaambiwa hapo. Nikwambie ukweli, hata kwenye vikao vya watu wenye ulemavu wenyewe hawa wa ulemavu wa akili mara nyingi hawapo, kwa sababu kikao ni cha wanaojua kuongea na hakuna anaetoa muda. Kwa hiyo mtakwenda na mtasukumana. Afisa ustawi wa jamii nae aandikishe kwamba Zawadi yupo, na muulizie chuo cha ufundi cha Yombo, ni cha serikali cha watu wenye ulemavu na kipo hukohuko Temeke, kama kuna kozi inayomfaa. Mtu aliefuma vitambaa akiwa shule anaweza kujifunza cherehani, anaweza pia kuichukia, mtajua akiishika.

Swali lako la mwisho, la ukifa. Hilo ni la kuongea na yule wa Morogoro na yule wa bweni, wote wawili, na Zawadi akiwa amekaa hapohapo anasikia. Usimuachie wa kike peke yake kwa kuwa ni wa kike. Na haraka haipo, ila msisubiri msiba ndo mkae kikao, maana kwenye msiba watakaoamua ni wajomba.

Baba Zawadi nadhani mnaogopa kitu kimoja, yeye anakiita ruhusa wewe unakiita mimba. Mpigie siku ambayo hamjagombana, msomee hata kipande cha barua hii, na mwambie kuhusu kifafa na lile kufuli, sina hakika kama anajua.

Tarehe yenu ya kuchukua dawa za kifafa ikifika nenda nae Zawadi, na ukifika mwambie daktari mapema kwamba leo mgonjwa ataongea mwenyewe kwanza. Mambo ya uzazi mwulize hapo, njia zote, Zawadi akiwepo, kwa maneno mepesi: hii inazuia mtoto tumboni miezi mitatu, inauma kidogo, damu inaweza kubadilika, unataka au hutaki. Anaweza kukubali. Anaweza kukataa, anaweza kusema anataka mtoto, na hapo utakuwa na maongezi mengine magumu zaidi ya haya, niandikie tu. Na ukiniandikia muulize kama na yeye ana swali lake, liweke kwenye barua kama alivyolisema, nitamjibu yeye.